Ukisikia la Reli, Umwambie Nani?

Maneno ya ofisa wa uhusiano wa polisi na jamii katika baraza la ujirani mwema, Malaba



Nimeombwa niseme juu ya swali ambalo vijana kadhaa wametuletea kituoni. Je, ni halali raia kununua redio ndogo ya mkononi, ile iitwayo skana, akasikiliza mazungumzo ya wafanyakazi wa reli? Swali hilo ni jema, nami nitalijibu. Lakini niruhusuni niongeze la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi: mtu akishapata habari ya hatari relini, iwe kwa chombo au kwa macho na masikio yake tu, amwambie nani?

Desturi ya kusikiliza redio za reli imekomaa sana nchini Marekani. Huko reli za mizigo hutumia mawimbi ya VHF yaliyo kati ya megahezi 160 na 162, na kwa miaka mingi mazungumzo hayo yamekuwa ya wazi. Mpenzi wa treni huketi mahali salama karibu na njia, chombo kikapekua chaneli moja baada ya nyingine, na kila kinapokuta sauti hutulia hapo.

Husikia nini? Kwanza, humsikia mwelekezaji wa treni, aliye ofisini, pengine mamia ya kilomita kutoka hapo, akisoma ruhusa ya treni kuingia katika kipande fulani cha njia. Kondakta huiandika, kisha huirudia yote neno kwa neno. Mwelekezaji akiona haina kosa, hutamka kwamba ni sawa na kutaja saa. Kabla ya hapo ruhusa hiyo haina nguvu, na treni haisogei kwa ajili yake. Pili, husikia sauti ya mashine. Kando ya njia pamewekwa vyombo vya kupima joto la beringi za magurudumu, na treni ikipita, chombo hutangaza redioni mahali kilipo, hesabu ya ekseli, na kama pana kasoro au hapana.

Nawaelezeni hayo ili mpate kuona jambo moja. Watu wa reli hawaridhiki kwamba neno limesemwa. Wanataka wajue kwamba limefika.

Tarehe 3 Februari 2023, treni ya mizigo ilikuwa ikikaribia mji mdogo wa East Palestine, jimbo la Ohio, karibu na mpaka wa jimbo la Pennsylvania. Beringi ya behewa moja ilikuwa ikiungua. Chombo cha kwanza kiliona joto lililozidi lile la hewa kwa nyuzi 21 hivi za Selsiasi. Cha pili, nyuzi 57. Cha tatu, nyuzi 141. Ni hicho cha tatu tu kilichotoa tahadhari ya kusimamisha treni, na kati ya cha pili na cha tatu palikuwa na takriban kilomita 30. Dereva alipokuwa akifunga breki, mabehewa 38 yaliacha njia. Moto ukawaka, kemikali za sumu zikamwagika, na wakazi wa karibu wakaamriwa kuhama makwao. Baadaye ilibainika kwamba kamera za usalama katika mji wa Salem, kabla ya hapo, zilikuwa zimenasa miali ya moto chini ya treni hiyo. Picha zilikuwapo, ila hakuna aliyezitazama saa ile na kupiga simu.

Ndugu zangu, hapa kwetu vyombo vya namna hiyo si vingi. Treni inayovuka Malaba kuelekea Tororo hupita kando ya mashamba, masoko na shule zetu. Mchungaji, mama anayetoka kuteka maji, na kijana wa bodaboda anayesubiri kwenye kivuko ndio wanaoliona gurudumu linalofuka moshi, au reli iliyofunguliwa mataruma usiku na wezi wa vyuma chakavu.

Sasa nirudi kwenye swali la vijana. Marekani yenyewe, ambako kusikiliza mawasiliano ya wazi kwa jumla kunaruhusiwa, sheria ya mawasiliano ya mwaka 1934 imeweka mipaka juu ya kuyafichua na kuyatumia kwa manufaa binafsi yale yaliyonaswa, na baadhi ya majimbo yana masharti juu ya kubeba skana ndani ya gari. Hapa Uganda, sheria ya mwaka 2010 inafanya kuwa kosa kunasa mawasiliano ya watu kwa makusudi bila idhini. Kwa hiyo nasema wazi: usinunue wala usitumie chombo hicho kabla ya kupata jibu la Tume ya Mawasiliano. Ndugu zetu wa Kenya nao waulize mamlaka yao. Chombo ambacho hakijakuletea taabu upande mmoja wa daraja chaweza kukuletea kesi upande wa pili. Tena chombo hichohicho humfaa mwizi anayetaka kujua treni ya mizigo itasimama wapi. Ndiyo maana polisi hatuwezi kulifumbia macho jambo hili.

Hata hivyo, anayependa treni si adui. Mwaka 2006 kampuni ya reli ya BNSF huko Marekani ilianzisha mpango wa kuwaandikisha wapenzi wa treni ili watoe taarifa wanapoona jambo la kutia shaka. Kampuni ilitambua kwamba mtu anayeitazama reli kila siku ndiye wa kwanza kujua kilichobadilika.

Basi umwambie nani? Nawaombeni mkumbuke misiba miwili. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, nchini Kenya. Tarehe 2 Julai 2010, jingine lilipinduka Sange, Kivu Kusini. Habari kwamba mafuta yanamwagika ilienea upesi, watu wakakimbilia pale badala ya kukimbia kutoka pale. Moto ulipolipuka, Sachangwan walikufa zaidi ya watu 100, na Sange zaidi ya 200. Hayo yalikuwa malori, lakini behewa la mafuta likianguka halitatuhurumia zaidi. Habari ya hatari ikipelekwa sokoni kabla ya kufika kwa wanaohusika, huwaita watu waje kufa.

Kwa hiyo, ukiona au kusikia hatari, mpelekee habari mwenye uwezo wa kusimamisha treni na kufunga njia. Piga 999 au 112, au nenda kituo cha polisi au stesheni iliyo karibu. Taja mambo manne: mahali, ukitumia nguzo ya kilomita au jina la kivuko, ulichokiona kwa macho yako, ukikitenga na ulichoambiwa, treni inaelekea wapi, na saa ngapi. Usitembee juu ya njia kwenda kuionya treni, kwa maana treni ndefu ya mizigo yaweza kuhitaji kilomita moja au zaidi kabla ya kusimama. Wala usitume picha kwenye makundi ya simu kwanza.

Najua kinachowazuia wengi. Mtu huona reli imeng'olewa, akajiambia: nikienda kusema, nitaulizwa mimi nilikuwa natafuta nini pale. Hofu hiyo ina sababu, na ni wajibu wetu sisi polisi kuiondoa. Aliyeleta habari ni shahidi, si mshukiwa. Nawaombeni mtudai haki moja: ofisa anayepokea taarifa yako airudie mbele yako, kama kondakta anavyorudia ruhusa, nawe useme, "Ndivyo." Asipoirudia, mwombe airudie. Ukimaliza, uliza jina lake na uandike saa. Kama haikufanyiwa kazi, njoo kwa mkuu wa kituo ukiwa na jina hilo na saa hiyo.

Wazazi na walimu, wafundisheni watoto namba hizo mbili pamoja na jina la kivuko kilicho karibu na nyumbani. Wenyeviti, hakikisheni kila kitongoji kinachopitiwa na reli kina mtu anayejulikana wa kupokea habari usiku, upande huu na upande ule wa mpaka, na kwamba wapokezi hao wanazo namba za simu za wenzao.

Maswali yenu nayakaribisha.