Ovaroli ni Haki, Suti ni Shauri Letu
(Maneno kwa wanachama wa Kiwanjani, Isiolo)



Sisi wa reli tukaao Kiwanjani twajua kuwa reli haifiki Isiolo. Mwisho wake ni Nanyuki, na huko ndiko tufanyako kazi. Lakini mshahara huliwa na madeni hapa hapa, na suti imo katika madeni hayo.

Kwanza ovaroli. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe nguo za kumkinga mtu katika kazi ya hatari. Basi mbona twajinunulia sokoni? Tumdai kwa barua, kupitia chama. Nayo nailoni, hata ikiwa rahisi, isikaribie moto wa kulehemu: huyeyuka ikashika ngozi. Pamba ni afadhali.

Suti ni shauri letu wenyewe. Aendaye kuulizwa maswali ya cheo, au kutusemea mbele ya wakubwa, hana haja ya kukopa. Ya mtumba yatosha. Tazameni mabega kwanza: yakipwaya, fundi wa cherehani atataabika na bei itapanda. Kiuno hupunguzwa kwa urahisi. Suruali ikibana, igeuzeni mwone kama mshono una kitambaa cha kuachilia. Iinueni juani mtazame matakoni na mapajani, ndipo huchakaa mapema. Wauzaji hawapendi hivyo, na wasipende. Rangi iwe ya kijivu, maana nyeusi huonyesha vumbi letu. Na bei ya fundi iulizeni kabla ya kulipia suti.