Kabla Mnunuzi wa Kangomba Hajapita

Mgeni rasmi, wazee wetu, akina mama, na ndugu zetu wana-Newala mnaoishi hapa Dar es Salaam,

Kila tukichangishana tunaulizwa: kwa nini kuna nyumba kule kwetu hazibadiliki, baba hadi mwana, na mikorosho wanayo? Wepesi wa kusema husema ni uvivu na ngoma. Sisi hatukubali. Aliyelelewa kwa maji ya kuteka bondeni na kupandishwa kichwani hawezi kumwita mama yake mvivu.

Tatizo tunalijua kwa majina ya miezi. Januari akiba imekwisha na mtoto anatakiwa sare. Mwenye fedha anabisha hodi, ananunua korosho ambayo haijawa hata ua. Ndiyo kangomba. Juni ubwiriunga unaingia shambani. Hata salfa ikiwa ya ruzuku, mashine ya kupulizia hukodiwa na petroli hununuliwa, naye hana kitu. Anakwenda kibarua kwa mwenzake huku shamba lake limeota msitu. Oktoba minada inafunguliwa, bei anaisikia redioni tu, maana mzigo si wake. Januari inamkuta palepale. Stakabadhi ghalani, iliyoanza mkoani kwetu 2007, imesaidia wengi, ila humlinda mwenye korosho ya kupeleka ghalani.

Walionasuka tunawafahamu, wengine mmo humu ukumbini. Si kwamba mlifanya kazi kuwazidi majirani. Mlipata mwaka mmoja wa kupumua: kaka aliyetuma fedha mwezi wa pili, au mgawo wa VICOBA. Kule Bangladesh, shirika la BRAC lilianza mwaka 2002 kuzipa kaya maskini kabisa mifugo, posho na mafunzo kwa takribani miaka miwili. Mpango wa namna hiyo ulipimwa katika nchi sita, zikiwemo Ethiopia na Ghana. Matokeo ya 2015 yalionyesha kwamba mwaka mzima baada ya msaada kwisha, kaya hizo bado zilikuwa na hali bora kuliko zisizosaidiwa.

Kwa hiyo mwaka huu hatuombi bati wala saruji, ingawa jengo hupendeza zaidi kwenye picha. Tunaomba mfuko wa Januari hadi Juni: mkopo wa chakula na sare usio na riba, pamoja na mashine za kupulizia, urejeshwe kupitia AMCOS minada ikianza. Watakaoshindwa kurejesha watakuwepo. Msimu mbaya tumeuweka kwenye hesabu.

Michango ifike kabla ya Desemba kwisha. Mnunuzi wa kangomba huanza kuzunguka mapema.