Pimeni Hatari ya Kijiji Chenu Kabla ya Mvua

Leo hatuzungumzii mbegu wala mbolea. Tunazungumzia maafa, ambayo yanaweza kuchukua shamba, ghala na nyumba kwa saa moja tu.

Mnakumbuka yaliyotokea wilayani Hanang. Mapema asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowana maji ilimeguka. Matope, mawe na magogo yalishuka hadi mji wa Katesh na kijiji cha Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki.

Sasa sikilizeni vizuri. Mlima ukimeguka mahali pasipo na mtu, hayo si maafa. Huwa maafa pale tunapokuwa njiani mwake bila kujiandaa. Kwa hiyo kupima hatari ni kujiuliza maswali matatu: nini kinaweza kutujia? Kitapita wapi? Kitamkuta nani?

Kwanza, waulizeni wazee. Maji yalifika wapi mwaka ule wa mafuriko? Korongo lilihama lini? Katika mkutano wa kijiji, chukueni kijiti mchore ramani chini: mto, mlima, shule, visima, nyumba. Kisha muinakili kwenye karatasi, ikae ofisi ya kijiji.

Pili, tembeeni mkaone. Je, mlimani kuna nyufa mpya? Miti imeinama? Kuna chemchemi iliyotokea ghafla, au iliyokuwa safi na sasa inatoa matope? Mkiona mawe makubwa yamelala bondeni, jueni hayakuota hapo. Yaliletwa, na yanaweza kuletwa mengine.

Tatu, hesabuni. Kaya ngapi ziko njiani? Nani hawezi kukimbia: mzee, mgonjwa, mama aliyejifungua juzi? Mazizi na maghala yako wapi?

Najua mkulima mmoja atasema, "Bwana, rutuba iko bondeni, nikalime wapi?" Ni kweli, rutuba iko huko. Basi lima bondeni, lakini lala mwinukoni, na mbegu yako ya akiba ilale mwinukoni pia. Hata hivyo, usisogelee ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Pale mpande miti na matete ya kushika udongo.

Mkishapima, amueni. Kamati ya maafa ya kijiji imchague mtu wa kusikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mtu wa kupiga ngoma au kengele hata usiku wa manane. Njia ya kukimbilia ijulikane na kila mtoto. Na jambo moja msilisahau: mvua ikiwa inanyesha mlimani na mto ukapungua ghafla, msifurahi. Huenda umezibwa huko juu, na ukizibuka utakuja na kila kitu. Ondokeni mara moja.

Ndugu wakulima, mvua hatuwezi kuizuia. Lakini ramani ya kijiti haina gharama, na mkutano mmoja unatosha kuianza. Fanyeni kazi hiyo wakati ardhi ni kavu. Tahadhari kabla ya hatari.