Wananchi hawasusi bila sababu

Msikilizaji, mwaka 2005 takriban asilimia 72 ya Watanzania waliojiandikisha walipiga kura. Mwaka 2010 wakashuka hadi asilimia 43 hivi, 2015 wakapanda hadi 67, na 2020 wakarudi karibu nusu. Uvivu haupandi na kushuka namna hiyo. Mwaka 2015 kinyang'anyiro kilikuwa kikali, na mtu aliona kura yake ina uzito. Lakini katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikajitoa, na chama tawala, CCM, kikatwaa zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mpiga kura angechagua nini hapo?

Twende vijijini, katika wilaya za Bahi, Chamwino au Kongwa hapa Dodoma. Sheria inampa kila mkazi aliyetimiza miaka 18 nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, asomewe mapato na matumizi, naye ahoji. Mkulima wa uwele akiacha palizi, akafika mkutanoni na kukuta eneo la malisho limeshagawiwa, na yeye anatakiwa kutia saini ya mahudhurio tu, safari nyingine habanduki shambani.

Kumlaumu mkulima huyo ni kumwonea. Kinachodhoofisha demokrasia ni ushiriki usiobadilisha kitu. Hesabu za kijiji zibandikwe ubaoni, wagombea wasienguliwe kwa makosa madogo ya fomu, na swali la mwananchi lijibiwe mbele ya wenzake. Bunge linaketi hapa hapa Dodoma. Lianze na vijiji vinavyolizunguka.