KIBANDA CHA KUKU KWA SHILINGI CHACHE
(Mazungumzo kwa wanachama wa Kitale na Bungoma)



Nimeombwa niseme machache juu ya kibanda cha kuku kwa mtu mwenye mshahara mdogo. Mshahara ukichelewa, kuku ndiye akiba yetu: huuzwa mmoja, mtoto akapata daftari au mgonjwa akapata nauli. Kwa hiyo kuku aliyeliwa na nguchiro usiku ni akiba iliyoibwa. Na kuku anayezurura mchana hula sukumawiki ya jirani, nasi twajua jinsi ugomvi huo unavyovunja urafiki kambini.

Neno langu ni moja: tujue mahali pa kubana shilingi na mahali pa kuitoa.

Kwanza, pa kubana. Kuku 10 watatoshwa na kijumba cha mita 2 kwa mita 1.5, na mbele yake ua wa mita 4 kwa mita 3. Kuta zijengwe kwa mabanzi, zile mbao za maganda zinazobaki viwandani, ambazo bei yake ni nafuu. Nguzo ni miti ya mkaratusi. Paa ni nyasi au mabati ya zamani yasiyovuja. Inua sakafu sentimita 50 ili mvua za Machi hata Mei zisiloweshe kuku, na uache nafasi ndogo kati ya mbao ili mavi yaanguke chini. Mavi hayo ni mbolea, usiyatupe. Kila kuku apewe sentimita 20 za fito ya kulalia, basi fito moja ya mita 2 yatosha. Masanduku 3 ya kutagia yatatosha pia.

Lakini Kitale si Bungoma. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na usiku wake ni baridi. Ziba vizuri ukuta wa upande wa upepo, ukiacha nafasi chini ya paa tu. Bungoma iko karibu mita 1,400, na joto lake ni zaidi. Acha nusu ya juu ya ukuta wazi, uweke waya. Kote kuwili hewa ipite, maana harufu kali ya mavi huwaumiza kuku macho na vifua.

Pili, pa kutoa shilingi: waya, mlango na chanjo. Waya mwembamba wa matundu makubwa humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii adui asiingie. Chini weka waya mgumu wa matundu madogo, uuzike sentimita 30. Juu ya ua tandaza wavu au matawi, kwa ajili ya mwewe. Mlango uwe na bawaba na komeo, ufungwe kila jioni kabla ya giza.

Ugonjwa wa kideri hauna dawa ya kuuponya; kinga yake ni chanjo, nayo hurudiwa kila miezi 3. Chupa ya chanjo huwa ya kuku 100 au zaidi, na ikishachanganywa haikai ila saa chache. Mwenye kuku 10 akinunua peke yake, nyingi itamwagwa. Nyumba 10 zikinunua pamoja, hakuna kitakachopotea.

Na waya ni vivyo hivyo. Ua niliotaja, ukiegemea kijumba upande wa mita 2, wataka mita 12. Marobota mengi ni ya mita 30: jamaa wawili watajenga, na mita 6 zitabaki za madirisha.

Wengine watasema, "Kuku wangu ni wangu, wa jirani ni shauri lake." Sivyo. Kideri hakiulizi kuku ni wa nani.

Neno la mwisho: anayekaa katika nyumba ya mwajiri aombe ruhusa kwa maandishi, kupitia mwakilishi wetu, kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Kibanda kisicho na ruhusa huweza kubomolewa, na gharama yote ikapotea.

Naomba mkutano huu uamue leo: kila safu ya nyumba ichague mtu mmoja wa kushika daftari la waya na siku ya chanjo.