Wazee Wetu Katika Ramadhani ya Baridi



Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu zangu, imepokewa katika Bukhari na Muslim habari ya mtu aliyekuwa akiufagia msikiti wa Madina. Mtume (s.a.w.) alipomkosa, akamuulizia. Akaambiwa amekufa, Masahaba hawakumwarifu kwa kuliona jambo lake dogo. Akataka aoneshwe kaburi, akaenda akamsalia. Leo nataka tulitazame lile swali lake tu. Alikosekana mtu mmoja, naye akauliza.

Mimi sikuuliza. Mzee wetu mmoja, ambaye hupenda kukaa karibu na hita, alikosekana Ijumaa mbili mwezi wa Januari. Nikadhani amekwenda Mombasa kuikimbia baridi. Nilipomzuru, nilimkuta jikoni amevaa koti, kwa kuwa hupasha moto chumba kimoja tu. Wanawe ni wema, wallahi. Kila jioni humletea chakula. Lakini hukiacha mlangoni, gari likinguruma. Akaniambia, “Shehe, mkate wa kumimina naupata. Wa kula naye ndiye simpati.”

Nikamwalika katika futari zetu. Akainamisha kichwa. Kisukari kimemzuia kufunga, naye huona haya kuketi pamoja na waliofunga. Hapa naomba nieleweke vyema: mzee asiyeweza kufunga ana ruhusa ya Mola wake, na fidia yake ni kumlisha maskini kwa kila siku aliyoiacha. Ruhusa hiyo haimtoi katika jamaa. Na anayemtania mzee kwa kunywa maji mchana, amche Allah.

Tarawehe humalizika usiku, na njia za hapa London huteleza kwa barafu, msiwalazimishe. Adhuhuri ni bora kwao: kungali na mwanga, na basi kwao ni bure. Darsa ya wazee basi itakuwa baada ya Adhuhuri, Jumanne na Alhamisi. Wenye magari wajiandikishe pale nyuma kwa katibu, wawachukue wasioweza kupanda basi.

Nanyi mnaopeleka futari, lizimeni gari, mpande ngazi, mkae. Wapo wazee wanaoshinda kutwa bila kusema neno moja la Kiswahili na mtu.

Yule mzee yumo nasi jioni hii. Ameniruhusu niyaseme haya, kwa sharti nisimtaje jina.

Wabillahi tawfiq.