Uvuvi wa Ndoano Ufukweni mwa Ziwa Naivasha: Wakati wa Kuvua na Wakati wa Kuacha



Besi, yule samaki mwenye mdomo mpana, si mwenyeji wa ziwa letu. Aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Huwinda kwa macho. Ndiyo maana mvua za Machi hadi Mei zikileta tope, haoni chambo vizuri, na mvuvi wa ufukweni hurudi mikono mitupu. Kiangazi, tope likishatulia, hupatikana kando ya mafunjo.

Lakini hapo kando ndipo anapozalia. Dume la besi huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, kisha hulinda mayai na vifaranga. Ukimtoa, samaki wengine huyala mayai hayo upesi. Umevua mmoja, umepoteza kizazi kizima. Tilapia nao hulea watoto wao papo hapo.

Kwa hiyo tunawaomba: ukiona samaki amekaa mahali pamoja hataki kuondoka, mwache. Tumieni ndoano kubwa. Samaki mdogo arudishwe majini akiwa hai, ashikwe kwa mikono iliyolowa. Ziwa likitangazwa kufungwa, sote tutii.

Jambo la mwisho ni kiboko. Hutoka jioni kwenda malishoni na kurudi alfajiri. Msivue saa hizo, na msisimame kamwe kati yake na maji. Subirini jua lipande. Samaki watakuwepo, nanyi twataka mrudi nyumbani.